Buzuki ya Mzee Declan

Haya yalimpata rafiki yangu Florent, mpiga gitaa wa kwaya yetu hapa mtaani kwetu Vickery Meadow, na mpaka leo akiyasimulia hatulii kitini.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Declan, mzee wa Ireland. Mzee ndiye aliyemfundisha nyimbo za kwao kwenye buzuki, ile ala ya shingo ndefu na nyuzi nane. Florent alikuwa na kosa moja: kila akifika mwisho wa ubeti, vidole vilimponyoka akatia madoido ya seben, ule mpigo wa haraka wa gitaa la rumba, kama yuko kwaya. Mzee aligonga ubao wa buzuki kwa kidole, ko, ko, yaani rudia.

Declan alifariki Mei 2019. Binti yake akampa Florent ile buzuki.

Jumapili moja ya mwezi uliofuata, wametoka tu kanisani, king'ora cha kimbunga kikalia. Florent na mkewe Fortunée wakajifungia bafuni, kusiko na dirisha, wao wawili tu, buzuki mapajani mwa Florent. Umeme ukakatika. Giza tupu, na mvua ya mawe inapiga kuta. Kwa woga Fortunée akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa mzee, aliouzoea kwa kumsikia mumewe akijifunza. Mwisho wa ubeti akatia madoido yaleyale.

Ko, ko.

"Wacha kugonga, Papa Orpa," akamnong'oneza mumewe. "Unanitisha."

Mikono yote miwili ya Florent ilikuwa imeshikwa na Fortunée mwenyewe, tangu taa zilipozimika.