Tochi ya Kununulia Ndakala

Kila siku, jua halijatoka bado, Mama Mouna anashuka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, na beseni kichwani. Anakwenda kununua ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hapa Kalemie. Wavuvi wanafika, wanamwaga samaki kwenye mabeseni, na wanunuzi wanasukumana kwa viwiko. Pale ni kelele tupu! Ukichelewa, umekosa. Ukiharakisha, unaweza kubeba kitu ambacho utakijutia nyumbani.

Wiki iliyopita Mouna alijuta. Alinunua kwa mwanga wa simu yake. Samaki wa juu walikuwa wazuri. Wa chini walikuwa wa jana, matumbo yamepasuka. Hakuona kitu. Akawapeleka hivyo hivyo kwa Mama Marthe, mwenye malewa, kibanda cha chakula, karibu na bandari, pale wapakuaji wa mizigo wanakula mchana.

Mama Marthe hakugomba. Afadhali angegomba.

"Mama Mouna," alisema polepole, "watu wamerudisha sahani. Weye ni ndugu yangu. Lakini ikitokea tena, nitatafuta muntu mwingine wa kuniletea samaki."

Maneno hayo yalimkosesha Mouna usingizi. Mama Marthe njo mteja wake mkubwa. Mume wa Mouna yuko Manono, anachimba madini, na habari zake zinakuja mara moja moja. Mama Marthe akiondoka, watoto watakula nini? Basi Mouna akaamua kununua tochi ya maana. Pesa aliyoweka kando ilitosha tochi moja tu. Hakutaka kukosea.

Alikwenda kwa Jamil, anayeuza vitu vya umeme sokoni. Jamil akatoa tochi nyeusi ya chuma, fupi, inayoenea ndani ya ngumi.

"Usidharau ufupi wake, Mama," alisema. "Hii inashinda taa za gari. Soma hapa kwenye kartoni. Lumeni elfu na elfu!"

"Lumeni ni nini?" Mouna aliuliza.

Jamil akakuna kichwa. "Lumeni? Ni nguvu, Mama. Zikiwa nyingi, ni vizuri. Basi!"

Jibu hilo halikumtosha Mouna. Yeye ni mtu wa kuuliza tangu utotoni. Mama yake alikuwa akimwambia, "We mtoto, utauliza mpaka jiko lizime!" Lakini Jamil ni jirani, anamwamini Mouna. Akamwambia, "Ichukue, ujaribu. Kesho uniletee pesa au tochi."

Sasa, huku kwetu tochi inajaribiwa kwa njia moja. Unaipiga ziwani. Ikishika mtumbwi wa mbali, watu wanapiga kelele za furaha. Isiposhika, wanakucheka mpaka unaizima mwenyewe na kuificha mfukoni. Hakuna anayejua nani alianza mchezo huu, lakini wote tunaufuata.

Magharibi ilipoingia, Mouna alishuka ufukoni pamoja na shemeji yake Swedi, ndugu mdogo wa mume wake. Swedi ni mvuvi. Aliwasha tochi na kuipiga ziwani. Lo! Mwanga ukaruka juu ya maji, ukashika mtumbwi mbali kabisa. Mtu aliyekuwa ndani yake akaziba macho.

"Zima wee!" alipiga kelele. "Unataka kunipofusha?"

Watu wa ufukoni walicheka na kushangilia. Swedi alifurahi kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

"Shemeji, nunua!" alisema. "Hata usifikiri mara mbili."

Mouna aliishika tochi ili aione vizuri. Ilikuwa ya moto. Akaiangalia tena.

"Swedi, mbona mwanga unapungua?"

"Haupungui. Macho yako yamechoka."

Mouna hakuridhika. Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, Madame Ketsia, anayefundisha fizikia kwenye sekondari. Alimkuta anapepeta mchele uani. Akamweleza habari yote, kuanzia sahani za Mama Marthe mpaka mtumbwi wa jana.

Madame Ketsia aliweka ungo chini. "Tochi hii, utaangalia nini nayo?"

"Ndakala, Madame."

"Na hao ndakala, watakuwa mbali nawe?"

Mouna akacheka. "Mbali gani? Watakuwa hapa, chini ya pua yangu!"

"Sasa mtumbwi mliumulika wa nini?"

Mouna akacheka tena, safari hii akijicheka mwenyewe. Kweli, wa nini? Hakuna aliyewahi kumnunua samaki angali katikati ya ziwa.

"Twende kwenye depo yako," alisema Madame Ketsia. "Tuijaribu kwa kazi yako."

Depo ya Mouna ni chumba kidogo cha kuwekea samaki. Alifunga mlango na dirisha. Ndani giza likawa zito. Kwenye sahani moja aliweka ndakala wa asubuhi ile. Kwenye ya pili aliweka wa jana, waliobaki. Swedi naye alifika, maana aliposikia tochi inajaribiwa tena hakuweza kukaa nyumbani.

Madame Ketsia akawasha tochi nyeusi. Chumba chote kikawa cheupe. Samaki wa sahani zote mbili waling'aa kama vijiko vipya.

"Wa jana ni wapi?" aliuliza.

Mouna aliinama. Akakunja macho. "Mwanga unanirudia usoni," alisema. "Wote wanafanana. Ajabu! Mimi mwenyewe nimewaweka, na siwajui."

Madame Ketsia akaizima. Akawasha tochi yake ya nyumbani, ya zamani, yenye mwanga wa manjano kidogo. Mara ile Mouna akaweka kidole kwenye sahani ya kulia.

"Hawa! Angalia matumbo yao, yana wekundu. Na macho yamefifia. Yesu wangu, Madame, mbona ile kubwa haikunionyesha?"

"Sababu ni mbili," alisema Madame Ketsia. "Ya kwanza, mwanga ni mkali mno kwa kitu kilicho karibu. Samaki anang'aa, mwanga unarudi machoni mwako. Ya pili ni rangi. Mwanga wa tochi ile nyeusi ni wa kibuluu. Una wekundu kidogo sana ndani yake. Kwa hiyo kitu chekundu hakionekani vizuri. Na weye samaki mbovu unamjua kwa wekundu wa tumbo."

"Na lumeni?"

"Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Hazikuambii mwanga ni wa rangi gani, wala utakaa muda gani. Na wengine wanaandika namba kubwa kwenye kartoni ili tu wauze."

Madame Ketsia akaiwasha tena ile nyeusi na kumpa Swedi. "Ishike, usiiachie."

Swedi aliishika. Walikuwa bado wanaongea kuhusu bei ya chumvi alipoanza kuihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Inaunguza!" alisema. "Na kweli, mwanga umepungua. Shemeji, jana ulisema."

"Nilisema, ukaniambia macho yangu yamechoka," Mouna alijibu.

"Tochi ni ndogo, nguvu ni kubwa," alieleza Madame Ketsia. "Joto halina pa kwenda. Kwa hiyo tochi inajipunguza yenyewe isiungue. Ile nguvu ya kwenye kartoni ni ya muda mfupi tu. Na inakula batri haraka."

"Basi ni mbaya?" Swedi aliuliza, sauti imeshuka.

"Hapana. Kwako inafaa. Weye unatafuta boya la nyavu zako, liko mbali. Unamulika kidogo, unaliona, unazima. Lakini usiipige machoni mwa mtu, kama yule wa jana. Usiiweke mfukoni inawaka. Na batri yake usiichaji ukaenda kulala. Ikiwa ganda limechanika au imevimba, usiitumie tena."

Siku ile ile Mouna alirudi sokoni, akamrudishia Jamil tochi nyeusi. "Jamil, nataka ya mwanga wa manjano. Yenye nguvu ya kiasi, ambayo naweza kuipunguza."

"Mama! Watu wote wanataka kali, weye unataka dhaifu?"

"Nataka ya kazi yangu. Tafuta."

Jamil alichimba chini ya kartoni zake, akatoa moja yenye vumbi. Mouna alijifunika kitenge kichwani apate giza, pale pale sokoni, pamoja na tochi na nyanya moja. Watu wakasimama kumwangalia huyu mama aliyeingia ndani ya nguo na nyanya. Alikaa humo kwa muda. Nyanya ilibaki nyekundu. Tochi haikupata moto, wala mwanga haukupungua. Alipotoka, jasho likimtiririka, alilipa. Jamil akaomba naye aingie aone.

Kesho yake alfajiri, mwaloni, mvuvi mmoja alimcheka. "Mama Mouna, hiyo tochi au mshumaa?"

Mouna aliingiza mkono mpaka chini ya beseni la mvuvi, akatoa samaki wachache, akawamulika kwa karibu. Matumbo mekundu.

"Hawa wa chini ni wa jana, Papa."

Mvuvi aliacha kucheka. Wanunuzi wengine, na tochi zao kali, wakasogea kuangalia kwa mwanga wa Mouna. Yeye alikwenda kwenye beseni la pili, akachimba, akaangalia. Kwenye la tatu alikuta samaki wazuri kutoka juu mpaka chini. Akanunua.

Alifika kwa Mama Marthe. Aliweka beseni chini, akarudi nyuma hatua moja. Mama Marthe alichota samaki wa chini kabisa, akawapeleka mlangoni kwenye jua lililokuwa linatoka. Akawageuza kwa kidole. Alikawia.

Mama Marthe akarudi ndani. Akanyanyua beseni zima kwa mikono miwili, akawamwaga wote kwenye sufuria yake bila kuchagua hata mmoja.

"Kesho uwahi," alisema.