Kokwa ya Tende Mezani

Nimemtuma mdogo wangu Yusra akanunue mkate, na magharibi ndiyo hii inaingia. Hakupenda. Alinikodolea macho mlangoni, akanionyesha mkate wa asubuhi uliobaki. Nikamwambia nautaka wa moto. Hatakawia kurudi, kwa hiyo nayasema haya kwenye simu upesi upesi, mtakaosikia mtasikia.

Kisa chenyewe ni mchezo. Hapa kwetu Sfaksi tunaucheza sebuleni kila Alhamisi, kwa maneno na dadu. Mmoja anasimulia ulimwengu, wengine wanajifanya mashujaa ndani yake. Msimulizi ni mimi, Olfa. Kitabu cha kanuni kilitoka ng'ambo, na kilinichosha roho! Humo jini ana alama za uhai. Unampiga upanga, alama zinakwisha, anakufa, unachukua dhahabu zake. Jini gani huyo? Ulimwengu wangu mimi ulikuwa mji wetu wenyewe, na visima vyake na mifereji yake, na majini wa huku hawauawi. Wanaombwa radhi. Basi nikakaa chini kuzibadilisha kanuni.

Kumbe nilikuwa najitafutia balaa na Ghazi.

Ghazi ni mtoto wa ami yangu. Anasomea sheria, na ubishi kwake ni chakula. Nilileta kanuni moja tu, ile wanayoifuata mama zetu wote jikoni: usimwage maji ya moto bila bismillahi, utawaunguza majini walio chini.

"Wakiungua wanafanya nini?" akauliza.

"Wanachukua kitu."

"Kitu gani, binti ami? Mbona kanuni haina kichwa wala miguu?"

"Sauti! Wanachukua sauti ya aliyemwaga. Haya, umeridhika?"

"Aliyemwaga nani? Shujaa wa mchezoni tu, au...?"

"Yeyote! Hata wa nyumba hii hii, ukitaka! Tupige kura tucheze, Ghazi, umenichosha!"

Mezani kwetu kanuni haiingii wala haitoki mpaka wote walioketi wakubali. Kila mtu anapewa lozi na kokwa ya tende. Lozi ni ndiyo, kokwa ni hapana, na mkono unaingia bakulini kwa siri, maana Ghazi hununa akishindwa. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na jirani yetu Wajdi, asiyesema ila kwa dharura. Zikaingia lozi tupu.

Yusra alikuwa jikoni anachuja makaroni, huku anaimba. Jumamosi ile alikuwa aende redioni akaimbe mbele ya majaji, na wimbo wake sote tulishaukariri kwa kuusikia.

Nikasikia maji yakimwagika kwenye sinki. Shwaaa...

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Sufuria ikaanguka. Nikanusa nywele zilizoungua, na matope ya kisimani.

Halafu ubeti ukamaliziwa. Sauti ile ile ya Yusra, tamu, taratibu...

Ikitokea ndani ya tundu la sinki.

Tulimkuta amesimama kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Hakitoki kitu.

"Ulisema bismillahi?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Angeisema saa ngapi, na alikuwa anaimba?

Nikamkokota mpaka mezani, nikamketisha. Kanuni nimeitunga mimi, na mimi nitaifuta. Tukapiga kura, mkono mmoja mmoja. Nikalimwaga bakuli.

Lozi nne. Na kokwa.

"Ghazi! Huu ni wakati wa ubishi?"

"Wallahi si mimi, Olfa!"

Akafungua kiganja. Kokwa yake imo. Ya Wajdi imo. Ya Yusra imo, na yangu imo. Ile ya mezani nikaigusa. Ilikuwa imelowa, ya moto.

Wajdi akasema polepole, "Kile kiti cha tano... nani amekivuta?"

Jumamosi ikapita. Madaktari hawakuona kitu, mashekhe wamesoma mpaka wamechoka. Kila Alhamisi naleta kanuni mpya. Nimepunguza, nimeongeza, nimebembeleza, nimetukana. Kila Alhamisi, kokwa iliyolowa. Nilidhani Ghazi ndiye mbishi wa mwisho duniani, kumbe yeye bado mwanafunzi!

Alhamisi iliyopita nikasema: Yusra arudishiwe yake, ichukuliwe ya msimulizi. Nikalimwaga bakuli. Humo mlikuwa na lozi iliyolowa, ya moto.

Amekubali.

Na mlikuwa na kokwa moja, kavu. Yusra alikuwa ananitazama, lozi yake bado kiganjani, machozi yanamtiririka. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwita mjinga.

Lakini kanuni inasema wote walioketi mezani. Haisemi walio dukani. Ghazi na Wajdi nimewaambia leo hatuchezi.

Lozi yangu imo bakulini, kwa kanuni ile ile ya Alhamisi iliyopita. Kiti cha mbele yangu kimesogea... Harufu ya kisima imejaa sebule.

Toh.

Lozi ya pili imedondoka. Bakuli linatoa mvuke.

Sikilizeni. Kuna anayeniita, "Dada! Dada Olfa!" Ni sauti ya Yusra, ya Yusra kabisa! Ila siwezi kujua kama inatokea mlangoni au kwenye sinki. Ngojeni nimwitikie...