Rafu ya Nyuma Kabisa

Wewe binti unayesoma haya na simu umeizima kwa hasira, iwashe kwanza. Halafu keti nikueleze ya Idman wa Garissa, aliyekaribia kumpoteza mtu kwa sababu ya rafu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi sokoni, wakati ule gari la maziwa ya ngamia limefika kutoka upande wa Kotile na kila mwanamke anavuta mtungi wake. Vumbi, makelele, harufu ya moshi wa mitungi iliyofukizwa. Idman alikuwa amevaa baibui jeusi na hijabu ya rangi ya ndimu. Alikuwa ameinama anatafuta mitungi yake, ile yenye kitambaa chekundu shingoni. Aliponyanyua macho akakuta mwanamume amechuchumaa mbele ya mtungi wake mmoja, anaupima kwa futi.

"Warya," akamwita, "huo mtungi umekukosea nini?"

Yule mwanamume hakuinua kichwa. "Umenona. Wenzake wana inchi tisa, huu una kumi."

"Kama kaunti imekutuma utubomolee vibanda, sema mapema nitoe maziwa yangu."

Hapo akasimama. Alikuwa mrefu, ovaroli ya buluu imetobolewatobolewa na cheche mpaka ikawa kama chujio, macho mekundu ya mtu anayekesha na moto. "Mimi ni Dagane, fundi wa kuchomelea. Kikundi chenu kimeniita niwatengenezee rafu za chumba cha baridi. Sibomoi kitu, abaayo, dada yangu."

Na rafu zilihitajika kweli. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamepata chumba cha baridi cha sola, lakini mitungi waliirundika sakafuni, mmoja juu ya mwingine. Ya leo ilikaa juu, ikatoka kwanza. Ya juzi ikabaki chini mpaka ikachacha, na kila asubuhi ni ugomvi, wangu uko wapi, nani kaukalia wangu.

"Simama hapa mlangoni," Dagane akamwambia. "Nyoosha mkono juu kama mtu anayechukua kitu."

"Mbona mimi?"

"Uko karibu."

Idman akanyoosha. Dagane hakumgusa. Alichora mstari wa chaki kwenye mhimili wa mlango, pale vidole vilipoishia, akaukodolea macho ule mstari kama mtu anayesoma barua.

Ruweyda, jirani yake wa meza, mwanamke wa maneno, akacheka. "Naa Idman, unapimwa sanda au shela?"

Dagane akaangusha chaki.

Namba ya simu aliichukua kwa sababu ya vipimo. Ndivyo alivyosema. Simu ya kwanza ikaja baada ya Asri.

"Mtungi wako mnene hajambo?"

"Unamuulizia mtungi au mwenyewe?"

"Mwenyewe sijamtia futi. Naogopa kukosea."

Basi ikawa kila siku baada ya Asri. Lakini mapenzi ya Dagane yalikuwa ya ajabu, yote ni vyuma. "Rafu isiguse ukuta, kalbi yangu. Acha kiganja kimoja nyuma, baridi lazima ipite. Na usitandaze bati juu yake, weka vyuma vyenye nafasi. Ukiziba, mtungi wa juu unaganda, wa chini unachacha." Idman anasikiliza, anasema ehee, ehee, akikata simu anabaki ameshika shavu. Huyu mtu ananipenda mimi au anapenda hewa?

Siku moja akashindwa kuvumilia. "Dagane, hiyo baridi yako haina mwisho?"

"Inao. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mjomba wangu Hared na wazee wawili watakuja kwenu baada ya sala. Ndilo nililokuwa nalizunguka."

Idman akakata simu kwa aibu. Halafu akapiga. "Ilikuwa netiwaki."

"Niliisikia hiyo netiwaki ikicheka."

Sasa sikiliza mahali ambapo mambo yalivurugika.

Jumatano ya wiki ile ile ya wazee, rafu zikafungwa. Zilipendeza, zimepakwa rangi nyeupe, mitungi imepangana kama watoto wa madrasa. Dagane akabandika kipande cha katoni mlangoni, kimechorwa rafu zote na kila moja jina la mwenyewe. Wanawake wakasongamana. Ruweyda, na gauni lake la dirac la zambarau linalopepea, alipata rafu ya kwanza kabisa kando ya mlango, unafungua tu unaiona. Idman akatafuta jina lake. Akalikuta kwenye kona ya mwisho, chini ya feni, pale ambapo lazima upite kwa wenzako wote ndipo ufike kwako.

"Mimi nimewekwa sebuleni," Ruweyda akasema. "Wewe umepelekwa jikoni ukae na paka."

Wakacheka. Idman akamtazama Dagane. Dagane alikuwa anakaza bolti ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Akatoka nje, akampigia hapo hapo, yeye yuko uani na Dagane yuko ndani.

"Kwa nini umeniweka nyuma?"

Alisikia sauti ya Ruweyda karibu kabisa na simu ya Dagane. Dagane akasema kwa sauti ya chini, "Kaa hapo nilipokuweka, Idman. Usiulize sasa."

"Nikae?"

"Niamini tu. Nitakupigia."

Alipiga baada ya Asri, mara tatu. Simu ilikuwa juu ya kitanda, uso chini, na Idman ameketi kando yake anaiangalia inavyotetemeka, hajui kama anataka kuipokea au kuirusha kisimani.

Mama yake, Mulki, aliyaona yote, na habari ya rafu alikuwa ameisikia. Naye, badala ya kumwambia mtoto pokea simu uulize, akamwaga hofu yake mwenyewe. Mulki alikuwa ameolewa mke wa pili zamani, akawekwa chumba cha uani nyuma ya choo, miaka sita. "Hooyo," akamwambia, maana kwao mama na mtoto huitana hivyo, "mwanamume akikuficha nyuma kabla ya ndoa, baada ya ndoa utamtafuta kwa tochi."

"Labda ana sababu, hooyo."

"Sababu ina jina. Inaitwa Ruweyda."

Alhamisi Mulki akatuma neno kwa Mzee Hared: msije, binti hayuko tayari. Na Idman alikuwa hapo, anakunja nguo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sisi akina mama tuna kosa letu, lakini na wewe binti ulipewa ulimi ufanye nao nini?

Ijumaa Idman akaoga, akavaa dirac mpya ya rangi ya mchanga, akajipaka uturi, akaketi. Mwenyewe hakujua anamngoja nani. Hakuja mtu. Jioni akasikia sokoni kwamba Dagane amechukua kazi ya friji za buchari Elwak na ameondoka na vyuma vyake. Akalia kwa ajili ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemkatalia, na hilo nalo likamchanganya zaidi.

Wiki mbili zikapita. Joto la Garissa likapanda, lile linalofanya hata mbuzi watafute kivuli cha gari lililoegeshwa. Wanawake kumi na wawili wakawa wanafungua mlango wa chumba cha baridi kila dakika, huyu anaingia, huyu anatoka. Na maziwa ya Ruweyda yakachacha. Siku ya kwanza akamlaumu mfugaji. Siku ya pili akaosha mitungi na kuifukiza upya. Siku ya tatu mnunuzi wa Nairobi akairudisha yote, na Ruweyda, anayelisha watoto watatu peke yake, akaketi juu ya ndoo.

"Idman," akasema baadaye, "nionjeshe yako."

Idman akamwonjesha. Yalikuwa ya juzi, matamu kama ya asubuhi ile.

Wakatazamana. Idman akaingia ndani peke yake, akafunga mlango nyuma yake. Akaweka kiganja kwenye rafu ya Ruweyda. Vuguvugu, kama pumzi ya mbuzi. Akasogea hatua mbili, afadhali. Akafika kona yake, feni ikampuliza usoni, baridi ikamwingia mpaka kwenye kucha. Akapitisha mkono nyuma ya rafu. Kiganja kimoja kamili. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu kabisa, na vidole vikatua pale pale bila kuchuchumia. Ndipo akakumbuka chaki. Ruweyda hupanda ndoo kufikia ya juu yake. Wote hupanda ndoo. Kona hii tu ndiyo ilijengwa kwa urefu wa mkono wake.

Alipewa mahali pazuri kuliko pote, na mtoaji hakuweza kusema mbele ya wanawake kumi na wawili kwamba nyuma ndiko kuzuri, maana wangeichana ile katoni pale pale. Akaificha zawadi mpaka ikafanana na tusi. Idman akacheka peke yake mle ndani, moshi wa pumzi ukimtoka. Kisha akamkumbuka Ruweyda juu ya ndoo, na kicheko kikaisha.

Akapiga simu Elwak. Ililia sana.

"Fundi, rafu yako moja imelegea."

"Rafu zangu hazilegei."

"Basi njoo uilegeze."

Nyundo iliyokuwa ikigonga huko ikanyamaza. "Idman, mlinirudishia wazee."

"Uliniweka nyuma usiseme kwa nini."

"Ningesemaje? Ruweyda alikuwa amesimama kifuani kwangu. Na nilipopata nafasi nikapiga mara tatu."

"Najua. Niliiangalia ikilia."

"Uliiangalia."

"Nisamehe, Dagane."

Akasikia ng'ombe wa huko, akasikia mtu akimwita Dagane na Dagane asiitike.

"Maziwa ya Ruweyda yanachacha," Idman akaendelea. "Ulijua?"

"Nilijua mmoja lazima apate mlangoni. Niliomba tu asiwe wewe. Sikuwaza zaidi ya hapo."

"Sasa waza zaidi. Uje uchore upya, na uwaambie wote kwa mdomo wako."

"Watanitafuna mzima."

"Nitasimama karibu."

"Na wazee? Mjomba Hared amesema njia ile hairudii."

"Mzee Hared mwachie aliyemrudisha."

Mulki alipoambiwa aliweka mkono juu ya kichwa. Halafu akavaa shali yake ya garbasaar ya sikukuu, akabeba mtungi mmoja, akatembea kwenye jua la saa saba mpaka dukani kwa Hared.

"Hared, ulimi wangu ulitangulia miguu ya mtoto. Nimeufuata."

Mzee akamtazama jasho linavyomtiririka. "Kwa jua hili?"

"Kwa jua hili."

Akamiminiwa kikombe, akanywa. "Maziwa ya leo?"

"Ya juzi."

Hared akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena. "Ya juzi," akarudia. "Yalikaa wapi?"

"Kwenye rafu ya kijana wako."

Mzee akafuta ndevu. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Lakini alibaki na mtungi, na mtu hachukui mtungi wa nyumba asiyotaka kuirudia.

Jumanne Dagane akasimama mbele ya wanawake, kofia mkononi, akasema yote. Nyuma ndiko kuna baridi, mlangoni kuna joto, na yeye alijua. Ukawa mchafuko. Ruweyda akamwendea mpaka usoni. "Ulinichachusha mchana kweupe ukinichekea."

"Ndiyo," Dagane akasema. "Nilikukosea."

Hakujitetea, na hilo likampunguza Ruweyda hasira kidogo, si yote. Dagane akatundika pazia la vipande vya plastiki mlangoni kuzuia joto, akachora katoni mpya. Kila Jumamosi majina yanasogea rafu moja, hata wa nyuma afike mbele.

"Nani anaanza mlangoni?" mtu akauliza, na wote wakatazama chini.

"Mimi," Idman akasema, akaanza kuhamisha mitungi yake ya vitambaa vyekundu.

Walipokwisha kutawanyika, Dagane alikuwa bado amesimama kwenye mhimili wa mlango, karibu na ule mstari wa chaki uliofifia.

"Nyumbani kwangu kuna ukuta wa jiko hauna rafu," akasema. "Sijui niiweke kimo gani."

"Kimo unakijua."

"Nakijua. Nataka nisikie ukikisema."

Idman akajifunga vizuri hijabu yake ya ndimu. Akanyoosha mkono juu mpaka vidole vikagusa pale pale pa zamani.

"Hapa," akasema. "Lakini kabla hujatoboa ukuta, nipigie uniambie. Nitapokea."