Kiganja Kilichong'atwa na Mbweha

"Msiba wako usiuhamishie mlangoni kwangu," fundi cherehani alimwambia jirani yake, wapangaji wote wa uani wakisikia.

Hata yule aliyekuwa bombani akisimulia habari za watu alifunga bomba asikie vizuri. Kila mmoja alijua kwamba jirani huyo, muuguzi ambaye watoto humwita Shangazi Sindano, alimzika mdogo wake aliyeumwa na mbwa. Kosa lake asubuhi hiyo lilikuwa moja tu: kuuliza kwa nini mkono wa binti wa fundi umefungwa kitambaa.

Jana yake fundi na bintiye walitembelea makazi ya wanyama wa kigeni, mahali ambapo wageni huruhusiwa kuwashika. Binti alivishwa chatu shingoni, akacheka. Kisha mtunzaji akampakatisha mbweha wa jangwani, mdogo kama paka, masikio makubwa. Alisema huyo hana neno, ni kama mtoto wa nyumbani. Mbweha akageuza shingo, akamng'ata kiganjani.

Fundi alifanya anachokijua. Kwake, kilichochanika huunganishwa. Alikutanisha kingo za jeraha, akalikaza kwa vipande vya kitambaa, safi kama pindo la gauni la harusi. Damu ikakata. Akajipongeza.

Shangazi Sindano hakuondoka. Alimeza tusi lile, akaketi kizingitini.

"Mwenzangu, nitukane mpaka uchoke, lakini fungua hicho kitambaa. Ugonjwa ninaouogopa unaitwa kichaa cha mbwa, ila hata mbweha, paka au popo anaweza kukuambukiza kwa mate yake. Ukilikaza jeraha hivyo, unaufungia ugonjwa ndani."

"Mbona hana hata homa?"

"Ndiyo maana tunakimbia leo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumponya. Mdogo wangu tulingoja dalili."

Fundi akachukua mkasi, akakata kitambaa mwenyewe.

Waliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Binti alilia, wapangaji wakapeana zamu kumshika. Hospitalini alichomwa sindano kuzunguka jeraha, na nyingine begani. Akapewa tarehe za kurudi, na daktari akaonya kwamba hata moja isirukwe.

Siku ya sindano ya pili, walimkuta mke wa mtunzaji nje ya wodi. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe aliumwa mwezi uliopita na mbweha mwingine, ambaye baadaye alikufa. Mumewe alimfukia kimyakimya, wageni wasije wakakimbia. Sasa mume huyo akiletewa kikombe cha maji, koo linamkaza na mwili unatetemeka. Kabla ya sindano ya tatu ya binti, mtunzaji yule alizikwa.

Makazi yale yakafungwa. Yalipofunguliwa tena, wanyama walitazamwa kwa nje ya uzio, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kumgusa hata mmoja.

Binti alimaliza sindano zote, akarudi shule. Jioni hiyo fundi alimwona jirani yake akitoka kazini, akatoka kumsimamisha. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi. Badala yake alimpokea mkoba, akasogea kando ya mlango.

"Dada, umesimama kutwa. Pita ndani tule."