Kinu Kilichosimama Siku ya Upepo

Je, wewe umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya upepo?

Inger alimwonea jirani yake. Kila asubuhi aliosha vikombe dirishani kwake, huko Jutland ya magharibi, nchi ya baridi na upepo, na kutoka hapo aliona vinu viwili vya upepo vya kuzalisha umeme. Kimoja chake. Cha pili cha Ragnhild, ng'ambo ya shamba la shayiri.

Jumapili moja upepo ulivuma hata nguo zikachomoka kambani. Kinu cha Ragnhild kilizunguka. Cha Inger kilisimama tuli kama mlingoti.

"Umeona?" alimwambia mumewe, Aksel. "Upepo ni mmoja, kinachozunguka ni chake tu."

"Labda chetu kimeharibika."

"Kiharibike kila Jumapili? Huyo kawapikia keki watu wa umeme."

"Keki za Ragnhild? Wakizila, ndipo watamzimia kinu kabisa."

Inger hakucheka. Aliupaka siagi mkate wake mweusi mpaka ukakatika.

Jumatatu alimwendea Torben, mtoto wa mdogo wake, anayefanya kazi katika chumba cha kuongozea gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi nzima.

"Nani anakizima kinu changu?"

"Sisi, mama mkubwa. Keti kwanza." Torben akamvutia kiti. "Umeme hauwekwi ghalani kama shayiri. Unaoingia kwenye gridi lazima ulingane na unaotumika saa ile ile. Ukipungua, au ukizidi, mitambo inaweza kujizima na watu wakabaki gizani. Jumapili viwanda vingi vimefungwa. Upepo ukiwa mkali, umeme unazidi. Basi tunasimamisha baadhi ya vinu."

"Na cha Ragnhild hamkioni?"

"Tunakiona. Lakini umeme wake ukizidi, hauji kwetu. Unapasha maji kwenye tangi la kijiji, lile nyuma ya kanisa. Maji hayo yanapita mabombani na kuzitia joto nyumba zote, hata kesho yake upepo ukilala. Na yako pia."

Kumbe miguu ya Inger ilikuwa ikipata joto kwa upepo wa Ragnhild.

"Hata chako kingeweza kuungwa," Torben akasema. "Hukuambiwa?"

Ragnhild alikuwa amekuja mwaka jana, fomu ya kujiunga na tangi mkononi, akabisha hodi mara tatu. Inger alijificha nyuma ya pazia.

Jumanne akampelekea Ragnhild keki. Wakazungumza habari za ng'ombe, na Inger akarudi nyumbani bila kuitaja fomu. Alhamisi akapeleka nyingine.

"Keki mbili wiki moja," alisema Ragnhild. "Shoga, unaumwa?"

"Ile fomu... bado ipo?"

Ragnhild alifungua kabati, akaitoa pamoja na kalamu.

Kabla ya majira ya kuchipua, waya ulifukiwa kutoka kinu cha Inger hadi kwenye tangi. Siku za upepo kijiji kikaacha kuchoma mabua ili kupasha maji. Inger naye akajifunza kufua nguo siku upepo unapovuma, umeme ukiwa tele.

Jumapili moja ya upepo mkali, majirani hao wawili walikunywa kahawa dirishani kwa Inger. Vinu vyote viwili vilikuwa vinazunguka.

"Chako kina mbio kidogo," alisema Inger.

"Huo ni wivu tu."

Inger aliweka kikombe chini.

"Ni wivu," alisema. "Mwaka mzima nilitaka chako kisimame. Hata Jumapili moja tu."