Walezi Waliosimama Mlangoni

Kila asubuhi katika jiji la Morogoro, kabla jua halijachomoza juu ya Milima ya Uluguru, maelfu ya Walezi huamka kwa pamoja. Mlezi ni roboti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la tano, mikono ya mpira laini na sauti iliyofunzwa adabu. Hubisha hodi kwenye chumba cha mzee, huamkia, huuliza hali, na kwa kufuata jibu alilopewa, ama huandaa uji na dawa, ama humwita muuguzi. Watoto wa wazee hao wametawanyika makazini, wengine hadi kwenye vituo vya angani, nao hulala usingizi kwa kuwa nyumbani yupo anayeuliza hali.

Asubuhi moja Walezi wengi walibisha hodi, wakaamkia, wakauliza, kisha wakaganda mlangoni kama nguzo.

Injinia Sikudhani Mkude alikuwa amekesha zamuni, macho yakimwasha kama yametiwa pilipili. Kando yake aliketi Yusta, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye ndiye aliyeandika upya sehemu ya kusikiliza jibu la mzee.

"Pangusa machozi, mdogo wangu, usinilowanishie kibodi," alisema Sikudhani. "Nionyeshe ulichoandika."

Kilikuwa kitendakazi kifupi katika lugha kongwe ya kompyuta iitwayo Python. Kitendakazi ni kama mtu aliyetumwa dukani: hupewa kitu, hufanya kazi yake, na hutarajiwa kurudi na jibu.

"Nilikijaribu, dada, naapa. Nikisema 'mzima', kinarudisha SALAMA. Nikisema 'naumwa', kinarudisha MUUGUZI."

"Na ukisema kingine?"

Yusta alikodoa macho. "Kingine kipi? Si ameulizwa hali?"

Sikudhani alichoka hata kucheka. Alifungua sikio la Mlezi mmoja, yule wa nyumbani kwa mama yake huko Kihonda, kwa kuwa huyo hakuhitaji kumwombea kibali, akamwagiza aulize upya.

"Shikamoo, bibi. Unaendeleaje?" Mlezi aliuliza tena.

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti ya mama yake, Bi. Zamoyoni. "Habari za huko utokako? Watu wako hawajambo?"

Kwenye skrini likatokea neno moja: None, ambalo Python hulitoa pale kitendakazi kinapofika mwisho bila kuagizwa kurudisha chochote. Aliyetumwa amerudi mikono mitupu, wala hakusema kama duka lilifungwa.

"Umeona?" alisema Sikudhani. "Mzee hakurupuki kukutajia maradhi yake. Kwanza anakuuliza habari zako. Wewe ulipokijaribu, ulikijibu kama mwanafunzi aliye kwenye mtihani."

"Basi kosa ni mstari mmoja tu," Yusta alishusha pumzi. "Kitendakazi cha zamani kilimalizika kwa kurudisha SALAMA. Mimi niliusahau."

Simu ya mezani ililia. Mkurugenzi hakusalimia. "Injinia, wazee hawajanywa uji! Rudisheni kama mlivyokuta!"

Sikudhani aliivuta kibodi. Mstari mmoja, kisha kitandani. Aliandika herufi tatu za neno SALAMA, akasita.

"Yusta, hicho cha zamani kimetumika tangu lini?"

"Tangu Walezi waanze, dada. Miaka kadhaa."

"Yaani kila mzee aliyeuliza habari za watu, tulimwandika salama?"

Sikudhani alizifuta herufi zile. Mahali pake aliagiza kwamba jibu lisiloeleweka lirudishe agizo jingine: MWITE MWANAWE. Kisha akaupeleka mstari huo kwa Walezi wote wa jiji.

Walezi wakaanza kutembea. Simu ya mkononi ya Sikudhani ikalia: Mlezi wa Kihonda alikuwa amempigia.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe wewe! Hujambo? Umekula? Wajukuu zangu je?"

"Hawajambo, mama. Nilikula jana."

"Jana! Utakonda ubaki kope. Na shemeji zako?"

Alijibu moja baada ya jingine, mkono ukiwa shavuni, mpaka habari zote zikaisha. Ndipo mama aliposhusha sauti.

"Ila mguu huu, mwanangu. Umevimba tangu mfungo. Siku hizi naukokota tu hadi chooni."

"Tangu mfungo? Mama, mbona hukumwambia Mlezi? Anakuuliza kila siku!"

"Yule? Kila siku namuuliza habari za kwao, hanijibu. Mtu asiye na watu, nitaanzaje kumweleza habari za mguu wangu?"