Aliyeitwa Siku ya Tet

Wali ulipoa kati ya jiko na meza. Aurélie aliupakua ukifuka moshi, akapiga hatua nne, akaweka sahani mbele ya mumewe. Audace alitia kijiko kimoja mdomoni, akakiweka chini.

"Mama Tina, huu ni wa jana?"

"Nimeutoa motoni sasa hivi."

Ulikuwa baridi, na hauna ladha hata ya chumvi. Tina, binti yao wa miaka sita, hakugusa chake. Alikaa mikono mapajani kama mtu anayengoja zamu yake.

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya nne tangu Aurélie arudi kutoka Vietnam.

Aurélie alikuwa na saluni mtaa wa Albert Park, mjini Durban, chini ya jengo walimoishi ghorofa ya tisa. Alikwenda Hanoi kununua nywele, akafika wiki ya Tet, mwaka mpya wao, akakuta maduka yamefungwa. Hanh, mwanamke aliyekuwa akimuuzia nywele kwa simu, alimwonea huruma akamchukua kwao kijijini. Tangu aondoke kwao Bujumbura, Aurélie hakuwahi kupokelewa vile. Alikaa uani na wanawake wakifunga mchele wa kunata na nyama kwenye majani mabichi. Alioga maji yaliyochemshwa na giligilani, ili uchafu wa mwaka uliopita umtoke. Jioni ya mwisho wa mwaka, chakula kilipangwa mbele ya picha za wafu wa nyumba ile: kuku mzima, supu, wali, vikombe vidogo vya pombe. Hanh akawasha udi, akawaita babu zake kwa majina waje wale kwanza. Walio hai wakangoja udi uteketee.

"Na wewe ita wako," Hanh alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, akimpa kijiti cha udi.

Angeweza kumwita mama yake, aliyezikwa vizuri Burundi. Akamwita Estella.

Estella alikuwa kifungua mimba wake. Mafuriko ya Aprili 2022 yalimchukua akiwa na miaka minane, usiku aliolala kwa shangazi yake bondeni. Mwili haukupatikana.

Hanh alimsihi abaki mpaka siku ya tatu, siku ya kuchoma karatasi za dhahabu, pesa za wafu, na kuwaaga, warudi kwao na miwa miwili ya kubebea mizigo yao. Lakini tiketi ya Aurélie ilikuwa ya siku ya pili.

Baada ya Jumapili ile, nyumba ilianza kunuka udi, na chini ya udi, tope. Alama ndogo za miguu yenye maji zilitoka mlangoni zikaishia kwenye kiti cha nne, ambacho hakuna aliyekikalia. Walikula na kula, na njaa haikuisha. Audace, fundi simu, aliishiwa nguvu hata bisibisi ikamshinda. Sketi ya shule ya Tina ilishikiliwa kwa pini mbili. Mchungaji alikuja kuomba, na alipofumbua macho baada ya amina, juisi waliyomwandalia ilikuwa imekauka kwenye glasi.

"Dada anakula kwanza," Tina alimwambia mama yake kwa kunong'ona. "Anasema akishiba, na sisi tutakula."

"Atashiba lini?"

"Nimemuuliza. Anasema hajui."

Audace alipoambiwa, alitaka atafutwe mtaalamu wa kumtoa siku ileile. Aurélie akakataa.

"Ni mtoto wangu. Ana njaa. Wewe utamfukuza mtoto mwenye njaa?"

Akawa anapika mara nne kwa siku, akiongea na kiti kile, na kiti kikawa kinajibu, kwa sauti ileile nyembamba iliyokwama kidogo kwenye herufi r, kikijua jina la mwanasesere aliyepotea sokoni, kikijua kovu la goti lilitokana na nini, na kila kilipojibu Aurélie aliinua sufuria nyingine, huku nyuma yake Tina akiegemea ukuta kwa sababu kusimama wima kulikuwa kazi.

Alhamisi Tina alianguka darasani. Zahanati haikuona ugonjwa. Daktari aliuliza tu, kwa upole uliomchoma Aurélie, kama nyumbani chakula kinapatikana.

Alasiri hiyo Audace alimleta Maalim Amuri, Mzanzibari wa mtaa wa Chatsworth, mtu mfupi mwenye sweta ya kazini. Alisimama mlangoni akivuta pumzi.

"Nani alimwita?"

"Mimi," alisema Aurélie.

"Huyu si mwanao, dada. Mwanao yuko kwa Mola wake. Huyu alikuwa njiani, akasikia jina linaitwa na mwenyewe haji, akalivaa. Mimi nitasoma. Lakini wewe uliyemfungulia ndiye utamwambia atoke, na kwa jina hilohilo."

"Na kama ni yeye kweli?"

Maalim alimtazama Tina aliyelala kwenye kochi, midomo imepasuka.

Aurélie akaweka miwa miwili kizingitini, kama alivyosikia kwa Hanh, mlango wazi. Maalim akaanza kusoma, na jua la Durban likiwa bado linawaka dirishani chumba kikajaa baridi ya mtoni, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kiti cha nne, yakaenea chini ya meza na kufika vidole vya Aurélie, na sauti ikatoka pale palipokuwa hakuna mtu, ikilia bila kelele, kama mtoto anayejua kwamba akilia sana ataudhi watu.

"Maman, huko nje iko maji. Mimi nitaenda wapi?"

Aurélie alikigeukia kiti.

"Estella," alisema. "Nenda."

"Maman."

"Nenda, mwanangu. Toka kwangu."

Miwa iliburuzwa sakafuni. Nyayo zikashuka ngazi, moja moja, muda mrefu. Jioni ile Tina alikula sahani tatu, na Audace alilia akitafuna. Aurélie hakugusa chake.

Asubuhi, mtu aligonga. Alikuwa Marie, Mkongomani aliyehamia ghorofa ya sita mwezi uliopita, amembeba mtoto wake mchanga mgongoni.

"Samahani, mama. Jana iko mtoto wa kike alibisha kwangu, amelowana yote. Nikamupa chakula. Eish, anakula, hashibi. Anasema weye ndiye mama yake. Nimulete?"

Aurélie alitoka nje akauvuta mlango nyuma yake, ili Tina asisikie.

"Mimi nina mtoto mmoja tu," alisema. "Huyo simjui."

Marie akaomba radhi, akashuka. Aurélie alibaki kwenye ngazi, ameshika chuma cha pembeni, akisikiliza mpaka mlango wa ghorofa ya sita ulipofungwa.